Nairobi kwa baiskeli ya changarawe: hesabu mabonde kabla ya kuhesabu kilomita

Mwanzishaji wa uzi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikitoka nyumbani Uthiru kila Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, nikizitafuta barabara za vumbi zinazouzunguka mji wetu. Watu walionunua baiskeli za changarawe hivi karibuni, yaani zile zenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano lakini tairi zake ni nene na zenye meno, huniuliza kila mara wapi pazuri pa kwenda. Nami huwarudishia swali jingine ambalo huwaudhi kidogo: unataka kufuatana na mito au unataka kuivuka?

Anayeishi kaskazini mwa Nairobi analijua umbo la nchi hii hata kama hajawahi kulitazama kwenye ramani. Mito inateremka kutoka milima ya Nyandarua na kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ikielekea kusini-mashariki, mmoja kando ya mwingine kama vidole vya mkono ulionyooshwa, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi nyekundu. Wakikuyu huuita mgongo huo rũgongo, na tangu zamani makazi yao yalipangwa juu ya migongo hiyo. Kwa hiyo njia nyingi za zamani zinafuata mgongo, na ukizifuata unapanda au kushuka polepole kwa saa nzima bila kuumia. Ukikata kuelekea kaskazini au kusini, kila kilomita mbili unatumbukia bondeni, unavuka kidaraja, kisha unapanda ukutani. Mabonde 10 yenye kina cha mita 60 tu ni mita 600 za kupanda, na safari hiyo inaweza kuwa ya kilomita 30 ambazo kwenye simu zinaonekana kama mchezo wa watoto.

Njia ninayompa mgeni kwanza ni ile inayofuata mgongo. Anatoka Kikuyu akipitia Muguga hadi Limuru, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, anakunywa chai, kisha anateremka kupitia Tigoni na Banana hadi Ruaka. Sehemu ya Tigoni ndiyo kiini cha safari. Chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, na hadi leo vijia vya wachumaji vinapita katikati ya mashamba yaliyokatwa sawasawa kama zulia, vingine vikiishia kwenye bwawa dogo lenye ukungu, vingine kwenye lango la mtu. Ukifika kwenye lango, shuka kwenye baiskeli, vua miwani, msalimie mlinzi kabla hajakusalimu, na uombe kupita. Mara nyingi utaruhusiwa. Ukikataliwa, geuka bila kubishana, kwa sababu wa kesho atakayepita hapo ni mwenzako.

Njia ya pili, ya wale waliokwisha kuzoea, inavuka. Kutoka Ruaka nilikata kwa vijia kuelekea Kiambu, Ndumberi na hatimaye Githunguri, na simu yangu ilihesabu kilomita 38 pamoja na mita 1,020 za kupanda. Ni siku niliyoshuka na kusukuma mara tano. Lakini chini ya kila bonde kulikuwa na kitu cha kunifanya nisimame: mahali pamoja migomba na nduma zilizopandwa hadi ukingoni mwa maji, mahali pengine mashine ya kumenyea buni ikitema maganda mekundu, na harufu yake nzito iliyochacha ikanifuata hadi juu ya kilima.

Kuhusu majira, nina kovu la kuonyesha. Aprili moja nilipuuza mvua iliyonyesha usiku mbili mfululizo. Udongo mwekundu wa Kiambu ukilowa hauna mfano: unateleza kama sabuni chini ya gurudumu la mbele, na papo hapo unanata kama ugali kwenye fremu. Katika bonde moja baada ya Ndumberi gurudumu la nyuma lilikoma kabisa kuzunguka. Nilipolazimisha pedali, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kilivunjika na kuingia kwenye spoki. Nilikuwa nimechuchumaa nikikwangua tope kwa kijiti cha mti wa kahawa wakati shosho mmoja mwenye kiondo alipopita, akasimama, akaitazama baiskeli, kisha akanitazama mimi.

"Mjukuu wangu, njia hii hata ng'ombe wangu anaikataa mwezi wa nne."

"Nimekoma, shosho."

"Hujakoma bado. Juu kule ni kubaya zaidi."

Alinipa panga lake nikwangulie, akanielekeza kwenye kijia cha nyasi kilichopita nyuma ya boma lake, na nikatoka nimeibeba baiskeli begani hadi kwenye lami. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba mvua ikinyesha usiku mbili mfululizo, sigusi udongo mwekundu hadi jua liwake siku mbili mfululizo. Kwa vitendo, miezi ya Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo ya kuaminika, ingawa Julai huko Limuru ukungu na baridi vitakufanya utamani glavu za mama mboga.

Ningependa kusikia kutoka kwa wengine, hasa wanaoijua Thika na upande wa Ngong kuliko mimi.

Mchangiaji wa Thika

Ndugu, umeyaeleza mabonde vizuri, ila umeishia Githunguri kana kwamba dunia inaishia hapo. Nikuongezee jambo ambalo mimi mwenyewe nililigundua kwa miguu yangu. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika unavuka Ruiru, kisha Ndarugu baada ya Juja, kisha unaingia mjini kwetu na kuvuka Chania. Ruiru na Ndarugu zinamwaga maji yake katika mto Athi, ambao huko chini unaitwa Galana na kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Chania inaungana na mto Thika, na Thika unaingia Tana. Maana yake ni kwamba mahali fulani kati ya Ndarugu na Chania unavuka mgongo mmoja wa kawaida kabisa, wenye mananasi na vibanda vya kuuza mahindi ya kuchoma, ambao ndio mpaka wa mito miwili mikubwa kuliko yote nchini. Ukiwa juu yake, mvua ikidondokea mbele yako inakwenda Tana, ikidondokea nyuma yako inakwenda Sabaki.

Mimi huanzia kwenye maporomoko ya Chania na Thika, ambayo yako karibu sana moja na jingine hapa mjini, nikapanda kando ya Chania kuelekea magharibi hadi ninapoanza kuiona chai, kisha nikarudi kwa mgongo unaofuata. Asubuhi unapanda ukiwa na nguvu, na mchana unateremka ukiwa umechoka, kinyume cha barabara ya Magadi huko kusini, ambako unateremka kwanza, kisha unapanda ukiwa umechoka, na wengi huumia. Kwa mwenye mapafu, endelea hadi bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililojengwa kwenye mto Thika na ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji mnayokunywa huko Nairobi. Maji yamezungukwa na milima ya chai pande zote, na barabara ya kulizunguka bwawa inapanda na kushuka bila kupumzika.

Nakubaliana nawe kuhusu tope. Sikubaliani nawe kuhusu kusukuma mara tano. Badilisha gia.

Mwanzishaji wa uzi

Gia nimebadilisha, mzee wangu. Sasa mbele nina meno 38 na nyuma 42, na bado kuna kilima kimoja kabla ya Githunguri ambacho nakiheshimu kwa kushuka. Habari ya mpaka wa Athi na Tana sikuijua. Nimeupita mgongo huo mara nyingi nikifikiria mananasi tu.

Mchangiaji wa Rongai

Niruhusuni niutetee upande wetu wa kusini, ambao watu wa Kiambu huuona kama jangwa lenye mbuzi.

Milima ya Ngong inafika mita 2,460, na ukisimama kwenye mitambo ya upepo unaona mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: mashariki mji wote, magharibi sakafu ya Bonde la Ufa. Mvua nyingi inayotoka mashariki huishia upande wa mji, kwa hiyo nyuma ya milima ardhi ni kavu, migunga imetawanyika, na barabara ni changarawe halisi, ile ngumu ya rangi ya kijivu inayokwaruza chini ya tairi. Njia ninayoipenda inatoka mjini Ngong, inapita Kimuka, kisha inaiacha barabara ya Suswa na kuelekea Saikeri. Huko vilima vinateremka kwa ngazi ndefu, kila ngazi ikikuonyesha bonde lingine ambalo hukulitarajia. Wakati wa kiangazi utakuta mito mikavu, mchanga mtupu, na ng'ombe wakifuata nyayo za maji kwenye visima vilivyochimbwa katikati ya mkondo.

Niwaonye mambo matatu, na la kwanza ni zito kuliko mengine. Ukiteremka kwa barabara ya Magadi kutoka Kona Baridi, kila kitu kinakudanganya. Lami ni nzuri, upepo uko mgongoni, na ndani ya saa mbili unaweza kuwa umefika Olorgesailie, mahali pa zana za mawe ambazo Mary na Louis Leakey walianza kuzifukua mwaka 1942. Halafu saa tano unageuka. Sasa jua liko juu ya kichwa, joto limepanda, na una zaidi ya mita 1,000 za kurudisha. Nimewahi kumkuta kijana mmoja amelala chini ya kalvati akiwa na chupa mbili tupu. Tukampakia kwenye pikapu ya mbuzi hadi Kiserian. Kama huna gari la kukuchukua, geuka mapema, pale Olepolos, na usione aibu.

La pili ni miiba. Mgunga hauchagui tairi ya bei ghali. La tatu ni udongo mweusi wa Kitengela na Isinya, ambao ukikauka unapasuka kama kisigino, na ukilowa ni mbaya kuliko huo wekundu wenu, maana mwekundu unakwanguka na huu haukwanguki.

Mchangiaji fundi

Mimi hutengeneza baiskeli Kawangware, kwa hiyo nitazungumzia tairi tu.

Tairi zisizo na tyubu, zenye gundi ya maji ndani yake, zinaziba tundu la mwiba wa mgunga kabla hujajua umechomwa. Lakini gundi hiyo hukauka. Katika joto la Nairobi naona wateja wakija baada ya miezi mitatu wakidhani bado ipo, nafungua tairi nakuta vipande kama maganda ya boga. Iangalie kila miezi miwili. Pia beba tyubu moja hata hivyo, na kiraka cha ndani, kwa sababu jiwe la Saikeri linapasua ubavu na gundi haizibi mpasuko wa ubavu. Ukikosa kiraka, pakiti ya maziwa iliyokunjwa mara nne itakufikisha nyumbani.

Upepo watu wanajaza kupita kiasi. Baiskeli inaruka kwenye kokoto, mikono inakufa ganzi, wanasema fremu ni mbaya. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya milimita 40 isiyo na tyubu aanze na psi 35 nyuma na 32 mbele, kisha apunguze kidogo kidogo hadi ahisi tairi inaikumbatia njia bila rimu kugonga jiwe. Mwenye tyubu aongeze kidogo, vinginevyo atabanwa na mawe na kutobolewa matundu mawili kwa pamoja.

Na si lazima ununue baiskeli mpya. Fremu nyingi za zamani za milimani zinazoingia na mitumba zinapokea tairi ya milimita 45 bila shida.

Mchangiaji mgeni

Nashukuru kwa uzi huu. Nimehamia Roysambu kutoka Mombasa miezi minne iliyopita, na nilidhani mimi ni mwendeshaji hodari hadi nilipokutana na kilima cha kwanza hapa, nikahema kama samaki nje ya maji. Nina maswali mawili. Je, mwili wangu utauzoea mwinuko huu? Na je, mwanamke anayeendesha peke yake aanzie wapi? Hizo njia za Githunguri na Saikeri mnazozisimulia zinavutia, lakini siwezi kwenda kupotea bondeni peke yangu na kumwambia mama yangu kuwa ni mazoezi.

Mwanzishaji wa uzi

Karibu sana dada. Umetoka usawa wa bahari ukaja kwenye mita 1,600 hivi na zaidi, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo kuhema kwako si uzembe. Mwili hujirekebisha kwa wiki kadhaa ukiongeza chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa umemaliza miezi minne, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kilichobaki ni vilima vyenyewe, na vilima huzoeleka kwa kuvipanda polepole kuliko unavyotamani. Binamu yangu wa Likoni alipokuja alianza kila mteremko kama anayefukuzwa, na kila mpando aliumalizia ameketi kwenye jiwe.

Kwa kuanzia, kutoka Roysambu nenda msitu wa Karura. Una zaidi ya hekta 1,000, unalipa kiingilio, kuna walinzi wanaopita, na njia za baiskeli zimewekwa vibao vyenye namba. Mto Karura unapita ndani yake, kuna maporomoko ya maji na mapango, na vijia vyake vya udongo vinateremka bondeni na kupanda upya kwa kiasi kidogo, kwa hiyo unajifunza kuvuka bonde mahali ambapo kosa halikugharimu kitu. Mimi nikipita hapo humkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyepigwa mwaka 1999 akiutetea msitu huo usigawanywe viwanja. Bila ugomvi ule tungekuwa tunazunguka kuta za mageti.

Ukitoka Karura, usiende peke yako kwa miezi ya kwanza. Hilo nawaambia wanaume pia. Tunakuwa watatu au zaidi, mmoja anaijua njia, simu mbili zina chaji, na tumemwachia mtu nyumbani jina la kila kijiji tutakachopita. Mbwa ni tatizo kubwa kuliko watu. Mbwa wa Kiambu akikutokea, shuka, iweke baiskeli kati yako na yeye, na utembee. Hukimbiza kinachokimbia.

Mchangiaji wa Kikuyu

Nimesoma yote na ninashangaa hakuna aliyekitaja Kikuyu isipokuwa kama mahali pa kupita. Mto Nairobi wenyewe unaanzia hapa, kwenye kinamasi cha Ondiri, na ukiuona ukiwa msafi katikati ya matete hutaamini ni ule ule unaoupita daraja la Globe. Anayetaka safari fupi ya mafunzo kuhusu mito aanzie Ondiri, afuate mkondo kwa vijia vya mashamba hadi karibu na Dagoretti, aone kwa macho yake ni wapi maji yanabadilika rangi. Ni kilomita chache, hazina kilima cha kutisha, na zinasikitisha.

Tena, ni katika vijiji vya Kikuyu ambako David Kinjah alikuwa akiwafunza vijana baiskeli kwenye njia hizi hizi za vumbi, na mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba kuendesha baiskeli kwenye changarawe kulianza na mashindano ya Maasai Mara ya mwaka 2021, ingawa ninayafurahia mashindano hayo, na ninamkumbuka kwa heshima Suleiman Kangangi, mtoto wa Eldoret aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwaka 2022. Mzee anayeshuka Muguga na magunia mawili ya viazi nyuma ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, breki za vyuma zikilia, anaijua changarawe kuliko sisi sote.

Mwanzishaji wa uzi

Umenikosoa kwa haki, na mimi ni jirani yako. Mzee wa viazi nimempita mara nyingi kwenye mteremko, na kila mara amenipita kwenye mpando akisukuma kwa mguu mmoja juu ya pedali.

Basi, kwa kuwa wengi mmeuliza faraghani kuhusu Jumamosi ijayo: tutakutana Kikuyu stesheni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutapita Ondiri kwanza kama alivyopendekeza jirani, kisha Muguga, Limuru, na kuteremka Tigoni hadi Ruaka. Ni kilomita 45 hivi, mabonde mawili tu, na chai ya Limuru tutalipa kila mtu yake. Dada wa Roysambu, wapo wanawake wanne waliokwisha kuthibitisha. Fundi, tafadhali njoo na pampu yako kubwa. Mvua ikinyesha usiku wa Alhamisi na Ijumaa, tusahau Tigoni, tukutane lango la Karura la barabara ya Limuru saa moja. Nitaandika hapa Ijumaa saa nne usiku.

Mchangiaji wa Thika

Nitakuja. Nione hiyo gia ya meno 42.